Martin Grabmann na majina yaliyopotea

Wanafunzi wengi wa isimu humaliza masomo yao wakiamini kwamba baina ya Wagiriki wa kale na Ferdinand de Saussure hapakuwa na mtu aliyeifikiria lugha kwa kina. Vitabu vya kiada huwataja Plato na Aristotle, vikagusia Warumi kidogo, kisha vikaruka zaidi ya miaka elfu moja kana kwamba binadamu walikuwa wamelala. (Sisemi lolote kuhusu Panini wa India wala Sibawayhi wa Basra, ambao mara nyingi hawatajwi kabisa. Hayo tuyawekee siku yake.) Mimi hufundisha historia ya isimu, na kila mwaka nikifika kwenye karne za kati hunilazimu kulitaja jina la mtu ambaye hakuwa mwanaisimu hata kidogo. Martin Grabmann alikuwa kasisi Mkatoliki wa Ujerumani, mwalimu wa theolojia na mwanahistoria wa falsafa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu wanasarufi wa Paris wa karne ya 13 ilianzia mikononi mwake.

Alizaliwa tarehe 5 Januari 1875 katika kijiji cha Winterzhofen, jimbo la Bavaria. Miaka minne baadaye, mnamo 1879, Papa Leo wa 13 alitoa waraka ulioagiza shule za Kikatoliki zirudi kwenye mafundisho ya Thomas wa Aquino, na punde si punde Papa huyohuyo akawafungulia watafiti hifadhi ya nyaraka za Vatikani. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoyaelekeza maisha ya mtoto yule wa kijijini kabla hajajua kusoma. Waraka ulizua haja ya kumjua Thomas na wenzake, nayo hifadhi ikatoa njia. Aghalabu watu walifuata la kwanza wakalisahau la pili: walimsifu Thomas bila kwenda kuangalia alichoandika. Grabmann alikwenda.

Masomo ya ukasisi aliyafanyia Eichstätt, mji mdogo wenye askofu wake na seminari yake. Huko mwalimu wake, Franz von Paula Morgott, alimtia mapenzi ya Thomas wa Aquino. Alipadirishwa mnamo 1898, kisha akapelekwa Roma kwa masomo ya juu, akapata huko shahada za uzamifu katika falsafa na theolojia. Lakini elimu iliyomfaa zaidi Roma hakuipatia darasani. Aliipata kwa wazee wawili waliokuwa wakifanya kazi Vatikani. Mmoja alikuwa Heinrich Denifle, Mdominiko kutoka Tirol, aliyechapisha nyaraka za Chuo Kikuu cha Paris. Wa pili alikuwa Franz Ehrle, Mjesuiti wa Kijerumani aliyekuwa msimamizi wa Maktaba ya Vatikani. Hawa walikuwa wameanza kufanya jambo lililoonekana dogo mno machoni pa wanafalsafa, nalo ni kufungua miswada moja baada ya nyingine, kuisoma, na kuandika kilichomo.

Hapa sina budi kueleza mswada wa karne za kati ni kitu cha namna gani, maana msomaji aliyezoea kitabu chenye jalada, jina la mwandishi na mwaka wa kuchapishwa atapata shida kuuwaza. Mswada hauna ukurasa wa kwanza wa kuutambulisha. Ni karatasi za ngozi zilizoshonwa pamoja, na ndani yake mna maandishi kumi au ishirini ya watu mbalimbali, moja likianza palepale linapokoma jingine. Jina la mwandishi huenda likawa mwishoni au pembezoni, na mara nyingi halipo popote. Pengine liliongezwa karne moja baadaye na mtunza maktaba aliyebahatisha tu. Hati ni ya mkato, kila neno la pili limefupishwa. Njia ya kuyatambua maandishi kama hayo ni kunakili maneno yake ya kwanza na ya mwisho, kisha kutafuta maneno yayo hayo katika miswada ya miji mingine, ukitumaini kwamba mahali fulani kuna mwandikaji aliyekumbuka kutaja jina. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Grabmann kwa takriban miaka hamsini, katika maktaba za Ujerumani, Italia, Uhispania na kwingineko.

Mnamo 1906 alirudi Eichstätt kufundisha. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu, historia ya mbinu ya kisholastiki, ilitoka mwaka 1909, na ya pili mwaka 1911. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya waliichukulia sholastiki kuwa ni mabishano makavu ya watawa. Grabmann alionyesha kuwa ilikuwa njia ya kufundishia yenye historia yake na mabadiliko yake: jinsi Anselm alivyotaka imani ijieleze kwa akili, jinsi Abelard alivyoyapanga maneno ya mababa wa Kanisa yanayopingana ili mwanafunzi ajikaze kuyapatanisha, jinsi swali lilivyokuwa chombo cha darasani. Walimu wanaosoma safu hii watatambua kwamba hayo ni masuala yao pia. Juzuu ya tatu iliyokusudiwa haikutoka kamwe, na historia hiyo ikakoma mwanzoni mwa karne ya 13, yaani pale hasa inaponoga. Nadhani sababu si uvivu. Kila alipotaka kuandika kuhusu karne hiyo, aligundua kwamba maandishi yanayohitajika bado yamelala bila kusomwa. Akachagua kuyasoma kwanza, na maisha yakaishia humo.

Vienna ilimwita mwaka 1913 kufundisha falsafa ya Kikristo, na mwaka 1918 akahamia Chuo Kikuu cha Munich. Munich ilimfaa kwa sababu moja kuu, nayo ni maktaba yake, ambayo tangu watawa wa Bavaria wanyang'anywe mali mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa na hazina kubwa ya miswada ya Kilatini.

Nije sasa kwenye kisa kinachonifanya nimtaje darasani. Katika maandishi ya John Duns Scotus, Mfransisko kutoka Scotland aliyefariki mwaka 1308, kulikuwa na kitabu kimoja kuhusu sarufi. Kilichapishwa pamoja na kazi zake nyingine huko Lyon mwaka 1639, na kwa karne kadhaa watu wakakisoma kama chake. Kitabu hiki hakifundishi Kilatini kwa ajili ya kusema au kuandika. Kinauliza kwa nini lugha ina aina za maneno ilizo nazo. Jawabu lake, nikilieleza kwa ufupi kupita kiasi, ni kwamba kuna namna vitu vilivyo, kuna namna akili inavyovifahamu, na kuna namna neno linavyoviashiria, na kwamba namna hizo tatu zinafuatana. Kitu kimoja chaweza kuashiriwa kwa namna nyingi. Wanasarufi hawa, ambao huitwa Wamodisti kutokana na neno la Kilatini la namna, walipenda mfano wa maumivu. Nasi tuuchukue kwa Kiswahili: nikisema maumivu, nikisema naumia, nikisema kwa uchungu, au nikipiga ukelele tu na kusema ole wangu, jambo ni lilelile, bali namna ya kuliashiria si moja. Nomino hulitaja kama kitu kilichotulia, kitenzi hulitaja kama kitu kinachopita. Mwanafunzi wa leo anayefafanua kategoria za maneno anatembea katika njia hiyo, ajue asijue.

Kwamba Wamodisti walidai kuifafanua lugha yote ya wanadamu ilhali msingi wao ulikuwa Kilatini peke yake ni udhaifu ambao sitauficha. Sijui wangezifanya nini ngeli zetu, au neno kama kusoma linalokubali kuwa nomino na kitenzi kwa wakati mmoja. Lakini swali lao lilikuwa swali la kweli, na wanaisimu wa karne ya 20 walilirudia.

Basi kitabu hiki kilikuwa na bahati ya kupata wasomaji wakubwa. Charles Peirce wa Marekani alikipenda, hata akachukua jina lake kuliita tawi moja la nadharia yake ya ishara. Kule Freiburg, kijana mmoja aitwaye Martin Heidegger, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa wanafalsafa mashuhuri wa karne, aliandika mwaka 1915 tasnifu ya kumruhusu kufundisha chuoni, akaichapisha mwaka uliofuata. Ilihusu nadharia ya kategoria na ya maana katika Duns Scotus. Sehemu ya kategoria ilikuwa na msingi katika maandishi ya Scotus kwelikweli. Sehemu ya maana ilisimama juu ya kitabu cha sarufi.

Mwaka 1922 Grabmann alitoa makala mafupi, kurasa chache tu, katika jarida la historia la Wafransisko wenyewe. Hakujadili falsafa ya Scotus, wala hakutafuta kama mtindo wa kitabu unafanana na wake. Alirejelea miswada. Miswada ilimtaja mwandishi mwingine kabisa: Thomas wa Erfurt, bwana aliyesimamia shule katika mji wa Erfurt mwanzoni mwa karne ya 14. Mwalimu wa shule, msomaji wangu. Si mtakatifu, si mwanzilishi wa mkondo wa falsafa. Kazi yake ilikuwa imebebwa kwa karne nyingi na jina la mtu mkubwa kuliko yeye, kwa kuwa wachapishaji na wasomaji walihisi kitabu kizuri hakiwezi kutoka kwa mtu asiyejulikana.

Watu fulani husema kwamba jina si hoja, maadamu maandishi ni yaleyale. Mimi sikubaliani nao. Maadamu kitabu kilidhaniwa kuwa cha Scotus, kilisomwa kama tanbihi ya theolojia yake. Kilipojulikana kuwa cha Thomas wa Erfurt, kilirudi katika ukoo wake wa kweli: walimu wa kitivo cha sanaa mjini Paris kuanzia miaka ya 1270, akina Martin wa Dacia na Boethius wa Dacia (na Dacia kwao ni Denmark), waliokuwa wakijadiliana wao kwa wao kuhusu sarufi kama elimu inayojitegemea. Jina moja lilipobadilika, ilionekana jamii nzima ya wataalamu ambayo haikuwa na mahali katika vitabu vya historia. Katika mwaka huohuo wa 1922 na katika miaka iliyofuata, Grabmann aliandika kwa urefu kuhusu jamii hiyo, na mnamo 1943, vita vikiwa vimepamba moto, alimrudia Thomas wa Erfurt kwa kitabu kizima.

Nasi tunalo jambo hilo nyumbani. Ni tungo ngapi za pwani zinazoitwa za Fumo Liyongo kwa sababu tu ni nzuri na ni za kale? Mashairi ya Muyaka bin Haji yasingekuwa na mwenyewe leo kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingeyakusanya na kuyafafanua pamoja na W. E. Taylor. Na tusijidanganye kwamba haya ni ya wafu. Nimewahi kukuta maelezo niliyoyaandika kwa ajili ya wanafunzi wangu yakiuzwa katika duka la kunakili karatasi, jina langu limekatwa na pahala pake pamewekwa la mwingine. Muuzaji alishangaa kwamba nilishangaa.

Grabmann hakuwatendea haki walimu wasiojulikana tu. Mwaka 1277 Askofu wa Paris, Étienne Tempier, alizilaani hoja 219, na miongoni mwa waliolengwa walikuwa Siger wa Brabant na huyo Boethius wa Dacia, wafuasi wa Aristotle waliosomea sana kwa mfafanuzi wake Mwislamu, Ibn Rushd. Kwa karne nyingi watu hawa walijulikana zaidi kwa maneno ya waliowashutumu. Mwaka 1924 Grabmann alitangaza kwamba amepata kazi zao zilizokuwa zimepotea, nyingine katika mswada uliokuwa hapohapo Munich, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akachapisha kijitabu cha Boethius kuhusu jema kuu kupita yote. Ndani yake Boethius anamsifu mwanafalsafa na kuyaona maisha ya akili kuwa ndiyo yanayomfaa binadamu hapa duniani. Kasisi aliyekipata alikuwa mfuasi wa Thomas wa Aquino tangu ujana wake, na Thomas alikuwa amepambana na kundi hilo. Angaliweza kukiacha mahali pake. Alikitoa kisomwe.

Hata kwa Thomas mwenyewe alikuwa na uangalifu uleule. Mdominiko Mfaransa, Pierre Mandonnet, alikuwa ameshikilia mwaka 1910 kwamba kazi halali za Thomas ni zile zilizomo katika orodha moja ya kale aliyoiona kuwa rasmi, na zisizomo zitupwe. Grabmann alimjibu mwaka 1920 kwa kitabu kilichotaka ushahidi wote usikilizwe, hasa ule wa miswada, badala ya kuitegemea orodha moja. Alikifanyia marekebisho kila alipopata jipya, na chapa ya tatu ilitoka mwaka 1949.

Ugunduzi wake ninaoupenda zaidi baada ya ule wa Erfurt unawahusu watahiniwa. Katika hifadhi ya Taji la Aragon mjini Barcelona, ndani ya mswada uliotoka katika monasteri ya Ripoll, alipata maandishi ambayo aliyaeleza katika makala ya mwaka 1934. Ni mkusanyiko wa maswali uliotungwa na mwalimu wa Paris katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, kwa ajili ya wanafunzi wanaojitayarisha kwa mtihani. Somo kwa somo, kitabu kwa kitabu, unaeleza nini huulizwa na jawabu lake ni lipi. Sarufi na mantiki zimepewa nafasi kubwa, kwa kuwa ndizo zilizotahiniwa sana. Masomo mengine yamepitiwa mbiombio. Kwa maneno mengine, ni mwongozo, ndugu wa ile miongozo inayouzwa mitaani Nairobi kila muhula, ambayo walimu wetu huilaani hadharani na kuitumia faraghani. Kwa mwanahistoria ni dhahabu. Sheria za chuo humwambia kilichopaswa kufundishwa. Mwongozo humwambia kilichofundishwa.

Si kwamba mtu huyu hakuwa na kasoro. Kumsoma ni kazi ngumu. Kurasa zake zimejaa namba za miswada na maneno ya mwanzo ya maandishi, na mtu anayetafuta hoja ya kifalsafa ikijadiliwa hadi mwisho atachoka kabla hajaipata. Aghalabu alieleza nani aliandika nini, akaacha kupima kama alichokiandika ni kweli. Fauka ya hayo, alizoea kuipima karne nzima ya 13 kwa kipimo cha Thomas wa Aquino, kana kwamba waliotangulia walikuwa wakimngoja na waliofuata wakimkimbia. Waliokuja baada yake wamelirekebisha hilo. Lakini walilirekebisha kwa kutumia maandishi aliyowatafutia yeye.

Mnamo Februari 1939 serikali ya Wanazi ilikifunga kitivo cha theolojia cha Munich. Mgogoro ulianza pale ilipomteua Hans Barion, mwanasheria wa Kanisa aliyekuwa upande wake, naye Kardinali Faulhaber akakataa kumtambua. Jibu la wakubwa likawa ni kufunga kitivo kizima. Grabmann, mwenye umri wa miaka 64, akajikuta hana darasa. Aliendelea kuandika. Mwezi wa Machi 1943 mabomu yaliiangukia maktaba ya Munich, na hadi vita vinakwisha ilikuwa imepoteza takriban vitabu 500,000 vilivyochapwa. Miswada ilikuwa imehamishwa mapema, ikasalimika. Katika maktaba nyingine za Ulaya haikuwa hivyo, na yako maandishi ya karne za kati tunayoyajua leo kwa sababu tu kuna mtu aliyeyanakili kabla ya moto.

Alifariki Eichstätt, mji wa masomo yake ya kwanza, tarehe 9 Januari 1949, siku nne baada ya kutimiza miaka 74. Mkusanyiko wa makala yake kuhusu maisha ya fikra katika karne za kati ulikuwa umetoka katika juzuu mbili, mwaka 1926 na 1936. Ya tatu ilitayarishwa na Ludwig Ott ikatoka mwaka 1956. Miaka miwili kabla ya hapo mwanafunzi wake Michael Schmaus alikuwa ameanzisha katika Chuo Kikuu cha Munich taasisi ya utafiti yenye jina la mwalimu wake.

Kuhusu Wamodisti, kazi iliendelezwa na wengine, hasa Jan Pinborg wa Denmark, ambaye kitabu chake cha mwaka 1967 kiliwapa mahali pao katika historia ya nadharia za lugha. Mwaka 1972 G. L. Bursill-Hall alichapisha sarufi ile ya Erfurt kwa Kilatini pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na jalada lake lina jina la Thomas wa Erfurt. Mwaka huohuo tasnifu ya Heidegger ilichapishwa upya miongoni mwa maandishi yake ya ujana. Kichwa chake bado kinamtaja Duns Scotus.